Mikono Aliyoikataza

Mama Wachuka alimleta binti yake, Wachuka, katika darasa la viziwi la mwalimu Wakiuru, kule Tetu, mtoto akiwa bado anang'ang'ania sketi. Alikuwa mchuma chai, vidole vimekolea weusi wa utomvu wa majani. Hakuuliza habari za sare wala chakula.

"Mwalimu, nifundishe na mimi hizo ishara. Huko nyumbani tunaangaliana tu na huyu mtoto."

Wakiuru alimwekea mkono begani. "Usimzoeshe mikono, mama. Atakuwa mvivu wa kusema. Wewe ongea naye polepole, aangalie midomo yako. Atasema tu."

Mama aliitikia. Angebishana vipi na mwalimu?

Ukweli ni kwamba ishara zilimpiga chenga Wakiuru mwenyewe. Alipewa darasa lile kwa uhaba wa walimu, baada ya kozi fupi ya likizo, na hata watoto wadogo walimwacha mbali. Isitoshe, sauti ndiyo iliyoleta sifa. Siku ya wazazi Wachuka alisimama mbele ya hema, akakaza shingo mpaka mishipa ikasimama, akasema, "Karibuni wageni." Watu walipiga makofi, wengine wakapangusa macho. Mwalimu mkuu alimtaja Wakiuru kwenye hotuba yake. Hakuna aliyejua kwamba muhula mzima uliliwa na maneno yale mawili, na kwamba kila mikono ya mtoto ilipoinuka kusema jambo, Wakiuru aliishusha na kuikandamiza juu ya dawati.

Miaka ikaenda. Akaja Muriithi, mwalimu kijana, naye kiziwi, akafundisha kwa ishara, na Wachuka aliyedhaniwa mzito wa kuelewa akawa hashikiki kwa hadithi na utani. Wakiuru alirudishwa kwenye madarasa mengine, akashukuru. Lakini hakuna aliyekwenda kumwambia Mama Wachuka kwamba lile katazo lilikuwa kosa. Wakiuru alikutana naye sokoni mara nyingi. Kila mara alikusudia kusema, kisha akaishia kuuliza habari za ng'ombe.

Mpaka siku mama yule alipolazwa hospitali mjini Nyeri, akingoja kupasuliwa tumbo, akaomba aitiwe "yule mwalimu anajua mtoto yangu."

Wakiuru alimkuta Wachuka kando ya kitanda, msichana mkubwa sasa, amepewa ruhusa kutoka sekondari. Alipomwona mwalimu, mikono yake ilianza kusema kwa haraka. Wakiuru hakushika hata neno. Msichana akangoja kidogo, akatoa simu, akaandika, akampa amsomee mama, maana mama hakujua kusoma.

"Muulize mama mbona hakutaka kujifunza lugha yangu. Wazazi wa wenzangu walijifunza."



"Anasema nini, Mwalimu?"

Akamsomea. Mama Wachuka aligeuza uso ukutani.

"Mwambie kazi ya chai ilikuwa mingi," alisema. "Usimwambie kitu ingine."

Wakiuru alibaki ameishika simu. Njia ya kutokea alikuwa amepewa, tena na mtu ambaye Wakiuru ndiye alimkosea. Angeandika vile alivyoambiwa na jina lake lingebaki safi. Ila mtoto angeishi akiamini mama yake hakumjali. Akaandika: "Alitaka. Alikuja kuniomba nimfundishe, nikamkataza. Yeye hana kosa."

Wachuka alisoma. Akasoma tena. Hakumtazama mwalimu. Alizunguka kitanda, akakaa upande wa mkono usio na dripu, akaushika na kuanza kuvipanga vidole vya mama yake kimoja kimoja. Hivi ni mama. Hivi ni mimi. Mama alijaribu, akakosea, akajaribu tena, akicheka huku machozi yakimtiririka kuelekea masikioni. Wakiuru alitoka, wala hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mama Wachuka alipasuliwa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatambaa. Alirudi nyumbani, yeye na binti yake wakawa na majuma machache.

Siku ya mazishi, kaburi likiwa pembeni mwa shamba la chai, Wachuka alisimama kumuaga mama yake kwa mikono. Muriithi alimtazama akilia. Yeye alielewa yote, lakini hakuwa na sauti ya kuwafikishia watu. Mchungaji akatafuta kwa macho, akamwona Wakiuru.

"Mwalimu, si wewe ndiye ulimfundisha? Hebu tuambie anasema nini."

Siku hizo Wakiuru alikuwa ameanza kukaa nyuma, ndani ya darasa la Muriithi, pamoja na watoto wadogo, akijifunza majina ya vitu. Akakaza macho. Alishika "mama." Alishika "chai." Mengine yote yalimpita, marefu, ya haraka, bila shaka mazuri.

"Sijui," alisema. "Sikujifunza."

Watu wakainamisha vichwa, wakangoja msichana amalize.