Wimbo wa Tatu Unakimbia

Mwandishi wa jarida moja la New York aliandika kwamba mpiga dramu wa bendi ya Ore Dock anakimbia kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Arlene Koskela, mpiga dramu mwenyewe, aliisoma sentensi hiyo akiwa amesimama katika duka la kaseti mjini kwao Duluth, ikamkata maini. Mengine yaliyoandikwa kuhusu albamu yao aliyasahau papo hapo. Hilo moja alishinda nalo na kulala nalo wiki nzima.

Ubaya ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani yake. Albamu waliirekodi kwa namna yao: watu watatu chumba kimoja, wote wakipiga kwa pamoja, bila kile kidude kinachogonga masikioni ili mwendo usibadilike. Wimbo wa tatu ulimhusu mama yake Arlene, aliyefukuzwa kiwanda cha karatasi akatoka getini na kopo lake la chakula, anaimba kwa sauti ili meneja asikie. Kila walipofika kwenye kiitikio Arlene alipandwa na mzuka, mikono ikatangulia, na Wade mwimbaji na Dennis wa gitaa la besi wakalazimika kumkimbilia. Walipousikiliza walicheka mpaka machozi yakawatoka, wakaamua ubaki hivyo hivyo.

Kampuni ya muziki haikucheka. Jumapili ya kuizindua albamu nyumbani, mchana, katika ukumbi wa askari wastaafu ambako hata vijana wasioruhusiwa baa huingia, msimamizi wao kutoka kampuni hiyo, Trent Halloran, alimkuta Arlene jukwaani akikaza dramu zake.

"Arlene, dada yangu, usinielewe vibaya," alisema. "Albamu ni kali. Ila toleo la pili tunalirekebisha. Kuna jamaa kule Los Angeles, anapiga kama saa. Atazirudia dramu."

"Za wimbo gani?"

"Zote. Jina lako litabaki kwenye jalada, usiwe na wasiwasi."

"Jina langu, mikono ya mwingine."

"Ndiyo biashara, dada. Wade mwenyewe hana neno."

Wade alikuwa amechuchumaa pembeni, anapanga nyaya ambazo zilikwisha kupangwa.

"Wade! Huna neno?"

"Nilisema tutaongea." Hakuinua uso. "Redio hazitupigi, Arlene. Sasa ulitaka nifanyeje?"

"Uniambie mimi kwanza, mwoga mkubwa we!"

Damu ilimchemka, lakini hakuondoka. Wiki nzima alikuwa amejifungia katika chumba cha chini cha nyumba na kidude kile masikioni, akijifunza kutokimbia, na sasa alipiga moyo konde kwamba atawafunga midomo wote. Wanataka saa? Watapata saa.

Watu walijaa, vijana wa shule kwa wafanyakazi wa bandarini, mabuti yanachuruzika theluji sakafuni. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda sawa. Wa tatu ulipoanza, Arlene aliuma meno akaubana mwendo, na kiitikio kilipofika hakuongeza hata chembe.

Ukumbi mzima ukamwacha nyuma.

Walikuwa wameujifunza kwenye kaseti, wakanakiliana, wakauimba kwenye magari na mabafuni. Kwao wimbo ndivyo ulivyo, hapo unakimbia. Wakakimbia nao kwa sauti zote, na mwenye wimbo akabaki anahangaika kuwafikia. Binti mmoja mwenye nywele za buluu, kifua kimebanwa ukingoni mwa jukwaa, alimkodolea macho kwa mshangao.

"Arlene, vipi? Unatuchelewesha, bwana!"

Aibu ilimshika Arlene, kisha hasira. Hakumkasirikia yule mwandishi, wala Trent. Alijikasirikia mwenyewe, kwa kukaa wiki nzima akijifundisha kuubana wimbo wa mama yake, kana kwamba anamwonea haya. Aliinua vijiti akazishukia dramu. Wade aliruka kama aliyemwagiwa maji, akageuka, akaona uso wake, akaanza kucheka huku anaimba. Kiitikio cha mwisho kilikwenda kasi kuliko kwenye kaseti, na hakuna aliyebaki nyuma.

Onyesho lilipokwisha Trent aliwafuata nyuma ya pazia.

"Wamefurahi, sikatai," alisema. "Lakini hawa ni wa kwenu. Nchi nzima haiko humu ndani. Mkikataa marekebisho, hakuna toleo la pili. Kaseti zilizoko madukani zikiisha, ndiyo basi. Wade?"

Wade alijua anachokipoteza, na kilionekana usoni pake.

"Muulize mpiga dramu wangu," alisema.

Trent akamgeukia Arlene. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka viwikoni, na vijiti hajavitua.

"Basi ziishe," Arlene alisema. "Lakini kila moja iliyoko kwa watu, anayepiga ni mimi."