Kaptula Mbili, Suruali Moja

Bendera ilikuwa imeshabadilishwa miaka mitatu nilipofika mji ule na kupata kazi ya kupiga pasi kwenye hoteli kubwa. Nimezunguka sana, kazi nyingi nimezionja, lakini sijaona pengine watu wazima kumi na wawili wakitembeza supu magoti wazi. Wahudumu wote walivaa kaptula nyeupe, vilevile kama enzi walipokuwa wakiitwa "boi". Meneja sasa alikuwa mwenzetu, tena aliyewahi kulala rumande kwa ajili ya uhuru. Kaptula zikabaki. Alisema wageni wamezizoea.

Mkubwa wa wahudumu tulimwita Babu. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na baba wa kijana, mtu wa wizarani ambaye Babu hajawahi kuonana naye, alikuwa aje Jumamosi kwa chakula cha mchana cha wakubwa. Babu aliomba ruhusa ya siku hiyo, akanyimwa. Akaomba suruali, akaambiwa sare ni sare.

"Mkwe wangu anione magoti kabla hajaniona uso," alituambia kwenye chumba cha kufulia, akiyatazama hayo magoti kana kwamba ndiyo yaliyomsengenya.

Mpishi akamtania kwamba magoti yenyewe mazuri, huenda nayo yakachumbiwa. Watu wakacheka. Babu hakucheka.

Fundi cherehani wetu, mama mmoja mfupi tuliyemwita Dada Sindano, aliacha kifungo alichokuwa akishona. Akauliza kila mtu ana kaptula ngapi. Mbili: moja mwilini, moja kwenye kamba. Akaichukua ile ya Babu iliyokuwa kambani, akaikata miguu, akaiunga chini ya ile aliyoivua mwilini. Ikawa suruali, yenye mshono gotini.

"Na wenzake?" akauliza. "Akivaa peke yake, atafukuzwa peke yake."

Mmoja mmoja wakaenda kuanua kaptula zao. Ijumaa nzima cherehani haikupoa, na mimi nikakandamiza mishono kwa pasi ya mkaa mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumamosi meneja aliwakuta wamejipanga mlangoni mwa ukumbi, wageni ndio hao wanakaa mezani. Akawaamuru, kwa sauti ya chini, warudi wakavae kaptula.

"Hakuna kaptula, mwanangu," Babu akasema. "Zote ndizo hizi. Tukivua, tutahudumu na chupi."

Meneja aliyatazama magoti ishirini na manne, kila moja na mshono wake. Nikaona mdomo wake unacheza, sijui ni kilio au kicheko. Akaufungua mlango mwenyewe.

Mkwe alipowekewa supu na Babu aliangalia goti, akaangalia uso, akauliza jina. Aliposikia, akasimama mbele ya wakubwa wote, akaushika mkono wa Babu kwa mikono miwili.

"Baba yangu alikuwa boi, akastaafu na kaptula," akasema.

Mwezi uliofuata kikaja kitambaa cha suruali nzima. Mimi nyayo zilishaanza kuniwasha, nikaaga. Siku ya kuondoka nilimkuta Dada Sindano mlangoni kwa meneja. Wanawake wa kufulia walikuwa bado wanaingilia nyuma, penye mapipa ya taka, na safari hii alikuja kuulizia hilo. Nyuma yake alisimama Babu na wenzake, wote kumi na wawili, suruali zimenyooka. Nilizipiga pasi mwenyewe asubuhi ile.