Kigae cha Safu ya Tatu

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini, baba alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, anapandisha suruali mpaka mapajani, kisha ananiuliza swali lile lile.

"Haya, daktari. Leo tumefika wapi?"

Mimi si daktari. Chuoni nilisomea tiba ya viungo, kazi ya kuwafundisha watu kutembea upya baada ya kuvunjika au kupasuliwa. Lakini tangu nipate cheti baba hajaniita vinginevyo, na jirani akiwa karibu huongeza sauti kidogo.

Nilikuwa natoa kipimo changu cha plastiki, kama kile cha wanafunzi cha kupimia pembe ila kina mikono miwili mirefu, nakiweka ubavuni mwa goti lake lenye kovu na kumwambia akunje. Alikunja mpaka jasho likamtoka puani.

Nyuzi tisini na mbili, nilimwambia. Akauliza jana ilikuwa ngapi. Tisini na mbili. Akashusha suruali kama mtu aliyeletewa habari njema, akasema basi angalau halijarudi nyuma.

Goti la mtu anayesujudu hujikunja mpaka karibu mia na hamsini. Baba hakuijua namba hiyo. Mimi niliijua, na nilijua pia kwamba magoti yake, yote mawili yaliyopasuliwa, hayangefika huko wala hayangeruhusiwa kubeba uzito wake sakafuni. Kila asubuhi nililibeba neno hilo mpaka mlangoni kwake, kisha nikaondoka nalo. Mimi hata kondakta akinizidishia nauli huwa nanyamaza. Ningeanzia wapi kumwambia baba yangu kwamba hatasujudu tena?

Baba alikuwa fundi vigae kwa miaka thelathini na moja. Alitandika sakafu za hoteli, benki, wodi za wazazi na majiko ya watu asiowajua majina. Alijifunga vipande vya godoro magotini kwa mpira wa baiskeli, akashinda hivyo, mwiko mkono huu, nyundo ya mpira mkono ule, pima maji mbele yake. Kila kigae alikigonga na kukitegea sikio. Kikilia kama kuna uwazi chini yake, alikibandua na kuanza upya. Hata harusini, watu wakimtazama bibi harusi, yeye alitazama sakafu. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimfinya.

Msikiti wetu aliutandika mwenyewe, kwa kujitolea, nikiwa bado sijaanza shule. Humo ndimo alimoswali miaka yote, safu ya tatu, mahali pale pale, bega kwa bega na rafiki yake fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Kisigino.

Alipopasuliwa, imamu alikuja kumtazama. Alimweleza kwa upole kwamba asiyeweza kusujudu huketi akainamisha kichwa, na sala yake ni kamili, haina pengo. Wiki iliyofuata waumini wakamnunulia kiti chenye mikono na mto mwekundu, wakakiweka msikitini kikimsubiri. Walipokuja nyumbani kumwambia, baba aliwashukuru sana. Walipotoka akaniambia, "Wameninunulia kiti cha bwana harusi. Bi harusi yuko wapi?"

Hakukikalia hata siku moja. Aliswali chumbani, juu ya kiti cha mezani. Akasema akirudi msikitini atarudi na magoti yake.

Alasiri moja nilirudi mapema. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa ameshatoa salamu ya kumaliza sala, lakini hakuinuka. Nikamwona anajikunja pale kitini, ananyoosha mkono taratibu mpaka vidole vikagusa sakafu. Akaipapasa, kama mtu anavyompapasa mgonjwa kujua kama bado ana homa. Halafu akauinua ule mkono akauweka kwenye paji la uso, akautuliza hapo muda mrefu.

Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole.

Siku mbili baadaye nilifanya ujinga wangu. Chini ya kitanda kulikuwa na boksi la vigae vilivyobaki kule msikitini. Nikachukua kimoja, nikakibandika kwa gundi juu ya kigoda kirefu, nikapima urefu ili akiwa kitini akiinama kidogo tu paji lake litue juu ya kigae. Nilijisikia mjanja sana. Nikakiweka mbele yake.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikaisha, akawa anakitazama tu.

"Mwanangu," akasema, "sakafu haimpandii mtu. Mtu ndiye anayeshuka."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanishika mkono nikae.

"Unajua nimepiga magoti maisha yangu yote. Kutwa. Nimempigia mwenye hoteli, nimempigia mwenye benki. Aliyeniumba nikampa dakika za katikati, tena nashuka na kuinuka mbiombio, saruji isije ikakauka. Sasa nina muda wa kushuka nikakaa huko chini mpaka nitosheke. Na magoti yamekwisha." Akagusa kovu la goti. "Tisini na mbili. Hii ni wiki ya tano, mama. Mimi ni fundi, najua kipimo kikisimama. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiangalia kile kigae, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba hayatafika, hata tungefanya mazoezi mwaka mzima. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ahsante, kama wagonjwa wangu wanavyosema.

Asubuhi iliyofuata hakupandisha suruali, na hakuniita daktari.

Ijumaa mbili zilipita. Saa ya sala ikikaribia alijifanya anatafuta kitu kabatini. Mwishoni nilijikaza, nikapita kwa Kisigino, kwenye kibanda chake chenye harufu ya gundi na ngozi. Nilimwamkia, nikasimama pale nikichezea mkanda wa mkoba. Akaniambia kama nimekuja kusimama nisogee kidogo, nimemzibia mwanga. Ndipo nikamwomba aje kumwona rafiki yake. Akaacha kushona. Kumbe alikuwa anatukwepa. Akasema ana aibu, kwa kuwa amechukua mahali pa baba.

Alikuja jioni hiyo hiyo na ndala za baba, alizokuwa amezishona tangu kabla ya upasuaji. Alikunywa chai yote bila kusema la maana, jambo ambalo kwake ni ajabu. Halafu akaweka kikombe chini.

Alieleza kwamba mwanzoni walimwachia baba nafasi yake, lakini imamu akawakumbusha kwamba safu haiachwi na pengo. Basi yeye, aliyekuwa karibu, akasogea. Aliposujudu mara ya kwanza, kitu kikamchoma kwenye paji kupitia mkeka.

"Nikafunua baada ya sala. Kona ya kigae imeinuka. Fundi, miaka yote hiyo ulikuwa unasujudu juu ya kisu?"

Baba aliinamisha macho kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Akakiri. Kilikuwa kigae cha mwisho. Alikuwa amechoka na ana haraka, hakukipima. Alipokigundua saruji ilikuwa imeshika, na kukibandua kungevunja vya jirani. Kwa hiyo mahali pale akapafanya pake, ili kosa lake limchome yeye, lisimchome mtu mwingine aliyekuja kumwomba Mungu. Hakumwambia yeyote, hata mama.

"Kesho nitatafuta mtu akakitoe," akasema. "Nitamwelekeza. Samahani, ndugu yangu."

"Ukikigusa tutagombana."

Baba akamtazama.

"Sikiliza. Mimi nimeswali miaka ishirini nikishuka na kuinuka, akili yangu iko kwenye visigino vya waliosimama mbele. Huyu kiatu kimelika upande, yule gundi imeachia. Sasa nikishuka kile kigae kinanidunga. Nashtuka. Kwanza nakukumbuka wewe, nakuombea. Halafu nakumbuka niko mbele ya nani." Akajifanya anatafuta kikombe. "Usinitolee kigae changu."

Nje mtu alikuwa anaita mbuzi wake. Baba alifuta uso kwa kiganja, akauliza, kwa sauti ya kazini kabisa, kimeinuka kiasi gani siku hizi. Kisigino akaonyesha unene wa ukucha wa kidole gumba. Baba akasema afadhali, alihofu kimezidi.

Ijumaa nilisikia kabati likifunguliwa mapema. Baba alitoka amevaa nguo nyeupe, fimbo mkononi, akasema kile kiti chenye mto mwekundu wampe mgonjwa kweli. Akachukua kiti chetu cha mezani, kile kinacholia ukikiegemea. Nikambebea mpaka mlango wa wanaume. Kisigino akakipokea, na kwa juu ya bega lake nikaona anakokipeleka, mwisho wa safu ya tatu.

Sisi wanawake tuko nyuma ya pazia. Sikumwona baba. Lakini imamu aliposhuka nilisikia safu nzima zikishuka naye, nguo zikivumisha upepo, vifundo vikialika, magoti ya watu yakigusa sakafu yake. Kisha kimya. Katika kimya hicho, muda kidogo baada ya wengine wote kushuka, kiti chetu kikalia mara moja.

Paji langu lilikuwa chini. Upande wetu hauna mkeka; kigae changu kilikuwa baridi, kimenyooka sawasawa, baba alikigonga na kukipima hata upepo usingepata pa kupenya. Nikakaa huko muda wote imamu alioturuhusu, nikitamani kingeinuka kidogo, ukucha tu.