Rula Iliyopima Bonde

Usiku wa jana, mikono ikinuka bado mahindi niliyokuwa nikipukuchua, niliota nimeitwa shuleni kwa mjukuu wangu Tusekile. Shule ilikuwa jikoni kwangu, ila chungu kimechorwa ubaoni kwa chaki, na kinachemka.

Mwalimu mkuu ni rula ya mbao ya sentimita thelathini, imevaa tai. Haikunipa shikamoo. Ikanieleza kwamba akili za watoto wa mlimani ni sentimita ishirini, za watoto wa bondeni kumi na nne, ndivyo walivyorithi, kwa hiyo Tusekile hatasoma tena. Atafagia.

Nikauliza alipimwa lini.

"Yeye hajapimwa," ikasema. "Nimepima bonde."

Tusekile yuko pale kwenye kona, ameshashikishwa fagio. Kila akifagia anapungua kimo. Sasa ananifika gotini.

"Bibi, wewe mwenyewe unachagua mbegu," rula ikaendelea. "Punje za katikati ya gunzi unapanda, za ncha unatupa. Unabisha nini?"

Hapo ilinishika, maana nimechagua hivyo miaka hamsini. Nikakaa kwenye kigoda, nikajifunga kanga vizuri, nikaijibu taratibu. Za ncha huwa nawatupia kuku. Mwaka jana zilizowaponyoka kuku ziliota pale ninapomwaga maji ya vyombo, zikanipita kimo. Zile teule zangu, kule kwenye mawe, zikaishia kiunoni.

"Mbegu ni mbegu, sikatai," nikasema. "Lakini wewe unapima mabua, huulizi nani alipewa mawe. Hawa wa bondeni wanavuka mto kuja hapa na hawajanywa uji. Wape wote samadi moja, ndipo uje na tai yako."

Rula ikacheka. Ikasema yenyewe ni mti mkavu, haibadiliki popote.

Basi nikaichukua, nikaichomeka kwenye samadi ya zizi, ambalo sasa lilikuwa chini ya dawati. Ikaota. Sentimita moja ikawa pana kama kiganja, majani yakaimeza tai. Ikaninong'oneza nisiwaambie wa mlimani kwamba imebadilika. Tusekile akaweka fagio chini, akaanza kurefuka, akafika begani kwangu, akaketi kwenye dawati lake.

Nikaamka. Asubuhi Tusekile alikuwa mezani anapanga mfuko wa shule. Akaishika rula yake, akaigeuza huku na huku.

"Bibi, nani kaongeza thelathini na moja hapa?"

Nikaenda kutoa samadi kwenye kucha, nikamwambia anywe uji kwanza, halafu aende nayo hivyo hivyo.