Nyawech na Dawa ya Kumbukumbu

Nyawech alikuwa fundi cherehani wa miaka sitini na sita. Kazi hiyo ndiyo iliyolea wanawe katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na ndiyo aliyorudi nayo Juba, mtaa wa Kator. Wiki ile alikata sare ya shule akatoa mikono miwili ya kushoto. Kosa dogo, ila lilimkosesha raha. Dada yake Nyamuoch alianza vivyo hivyo: leo kutia chumvi mara mbili, kesho kupotea njia ya nyumbani, na sasa hakumjua mtu.

Basi akaenda kwa Hibaq, Msomali mwenye duka la dawa, mzaliwa wa Nairobi. Kiswahili kilikuwa kimewafanya ndugu.

"Nimesoma kwenye simu, kuna dawa inayoamsha kinga ya ubongo usizeeke. Nipe hiyo."

Chupa yenye maneno kama hayo ilikuwa rafuni. Hibaq hakuigusa.

"Keti, mama. Ndani ya chembe za mwili, protini hukunjwa kama unavyokunja nguo. Joto, maradhi, uzee, vyote huivuruga. Chembe ikihisi taabu hupunguza kazi nyingine, ikaita wakunjaji wake, na iliyoharibika kabisa ikatupwa. Tukizeeka, wito huo hufifia, takataka zikarundikana. Wataalamu wanatafuta namna ya kuuamsha."

"Si ndicho ninachotaka!"

"Kuuamsha kumefaa kwa minyoo na panya. Kwa binadamu, bado hatujui. Na wito huo ukilia bila kukoma, nao huumiza chembe."

"Kwa hiyo ningoje minyoo izeeke vizuri kwanza?" Nyawech akainuka kwa hasira.

"Malesh, samahani, mama. Lakini kabla hujaenda, nipe mkono nikupime presha."

Mashine ikamkaza mkono, ikalegea. Hibaq akapima tena, uso umebadilika.

"Iko juu sana. Hii ndiyo tunayojua kwa hakika kwamba inadhuru ubongo, na dawa yake ipo. Nenda kliniki leo leo."

Nyawech akaketi. Akasema, "Dada yangu yuko Mangateen, hapa hapa Juba, kwa bintiye. Miezi minne sijaenda. Nikimtazama, najiona mimi."

 Hibaq alimletea maji.

Kliniki ilimpa vidonge, naye akavimeza kila asubuhi bila kukosa. Presha ikashuka taratibu. Kama kusahau kungemfikia siku moja, hakuna aliyeweza kumwambia.

Jumapili ya kwanza baada ya kliniki, alikwenda Mangateen. Nyamuoch alikuwa mkekani, akichambua kunde.

"Wewe nani?"

"Nyawech, mdogo wako."

Punde akauliza tena. Nyawech akajibu tena. Mara ya tano moyo wake haukushtuka tena. Akavuta ungo karibu, wakachambua pamoja, na kila alipoulizwa, alilitaja jina lake.