Hodi Tatu za Bakili

Enzi hizo ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imeshaingia mjini kwa miguu yote miwili. Watu waliovaa viraka miaka nenda miaka rudi sasa walitembea Kariakoo na suruali za Wazungu, wanaringa kana kwamba wameshonewa. Abdulswamad, mkwe wa Bi Sitara, naye akajitosa kwenye mitumba. Masikini, robota lake la pili alipolifungua lilikuwa masweta matupu. Masweta, Dar es Salaam! Akalihifadhi kwenye banda la rafiki yake, ukingoni mwa bonde la Jangwani, akingoja wateja wa Lushoto na Mbeya. Masika yakawatangulia wateja.

Bonde lilipofurika aliyaokoa masweta yake, akayaleta nyumbani. Yaliyolowa Bi Sitara aliyaanika uani. Yaliyosalimika akayarundika chumbani kwake, sakafuni, na kwa kuwa yalikuwa laini kuliko godoro lake la sufi lililochoka, akamlaza mjukuu wake juu yake. Hakufikiri kwamba mafuriko huwatimua wengi kwenye mashimo yao, na kila aliyetimuliwa hutafuta pakavu.

Mjukuu huyo, Nassibu, alikuwa na miezi tisa. Mama yake, Najma, alifia kwenye uzazi, na Najma ndiye aliyekuwa mtoto pekee wa Bi Sitara. Tangu siku ile bibi huyu hakumwamini mtu na kile kichanga. Hata baba mtu alimpakata kwa kuomba ruhusa. Majirani walimsema, wakachoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa ameshaujua mara moja. Mara ya pili asingeiweza.

Alasiri hiyo Abdulswamad na wapangaji wote walikuwa wametoka. Bi Sitara aliingia chumbani na kibakuli cha uji, akakuta sweta moja la kijani linapumua.

Alisimama pale pale. Mkono wa lile sweta ulikuwa umelala kando ya paja la mtoto, na ndani yake kitu kilijaa, kikasogea, kikatulia. Kikasogea tena, taratibu. Panya hasogei hivyo. Panya ana haraka zake. Hiki hakikuwa na haraka wala miguu, na kilikuwa kinene kama mchi. Bi Sitara akajua ni nyoka.

Akakiweka kibakuli chini bila kukigongesha. Akili yake ikamwambia piga kelele, moyo ukamkatalia. Alimjua mjukuu wake. Nassibu akisikia sauti ya bibi yake hata usingizini huamka akirusha mateke kwa furaha, anataka kubebwa. Teke moja tu kwenye sweta lile lingetosha. Kumnyakua nako hakukuwezekana, maana mguu wa mtoto ulikuwa umelalia kitambaa, ukiuvuta unalivuta sweta na nyoka wake. Na kichwa cha yule mdudu kiko upande gani, begani mwa sweta au kwenye kiganja? Bi Sitara hakujua. Alijikuta amepiga magoti, jasho linamtiririka, anaomba Mungu kwa midomo isiyotoa sauti.

Ndipo mlangoni ikapigwa hodi.

Alikuwa Bakili, jirani yao, fundi wa magari kule mtaa wa Gerezani, kijana mwenye mikono ya chuma. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na hajapata kuja mgeni kwa wakati kama ule. Bi Sitara alifumbua mdomo amkaribishe. Mtoto akajigeuza kidogo. Bibi akaufumba.

"Hodi wenyewe," Bakili aliita tena, kwa sauti ya chini ya mtu aliyelelewa.

Karibu, Bi Sitara alilia moyoni. Karibu mwanangu, ingia, vunja mlango. Kumbe mlango wenyewe ulikuwa umerudishwa tu, mtoto mdogo angeusukuma. Lakini Bakili alikuwa na adabu zake. Nyumba ya mwanamke mjane haiingiwi bila kuitikiwa, na hodi zikitimia tatu bila jibu mtu hushika njia yake. Akapiga ya tatu, akangoja, akaguna. Kisha ndara zake zikasikika zinaondoka. Bi Sitara alimchukia kwa adabu ile. Ungekuwa mhuni, Bakili, ungekwisha kuingia.

Hodi zile zilikuwa zimemgusa mtoto. Kope zilicheza, vidole vya mguu vikajikunyata. Mkono wa sweta ukajaa tena, safari hii ukielekea pajani.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Bi Sitara alichomeka mkono wake wa kulia ndani ya mkono wa sweta, kwa nguvu, kama mtu anayelivaa, mpaka ukakutana na kitu baridi. Akang'atwa. Akang'atwa tena. Hakuutoa. Kwa mkono wa kushoto alimvuta Nassibu na kumtupa kifuani, ndipo akalikung'uta sweta na nyoka wake, akatoka mbio.

"Bakili!"

Sasa aliweza kuita, na aliita mpaka mtaa mzima ukageuka. Bakili alirudi mbio, akaona damu, akaelewa. Alitaka kumkimbiza barabarani watafute gari. Bi Sitara akakaa kwenye kizingiti, akamkabidhi mtoto.

"Mkague kwanza."

"Bi Sitara, wewe ndiye uliyeumwa. Twende hospitali."

"Siendi popote. Mkague."

Bakili akamvua mtoto nguo zote pale barazani, akamtazama mapaja, nyayo, mgongo, katikati ya vidole. Nassibu alikuwa analia kwa hasira ya kuamshwa.

"Hana kitu. Mzima, wallahi."

Mkono wa Bi Sitara ulikuwa umeshavimba hadi kiwiko, na macho yake hayakumwona Bakili vizuri.

"Tazama tena," alisema. "Mimi sioni."