Mvua ya Lubumbashi

...na kwa nini aulize habari ya mvua, kati ya maswali yote ya dunia, miaka arobaini natangaza mpira na leo, siku ya kuniaga, huyu Florentine aliyeajiriwa juzi ananiuliza hewani, "Papa Zacharie, ile siku kule Lubumbashi, mvua ilinyeshaka kweli?", na nyuma ya kioo Emile fundi mitambo anatabasamu, lazima wamepanga, sherehe gani hii yenye mtego... mji mzima wa Kisangani unaijua mvua ile, waendesha toleka, zile baiskeli za abiria, bado hunipungia mkono, papa wa mvua, mpira umekwama kwenye matope, bao la dakika ya themanini na nane, nami nalia redioni, nani asiyejua, ila hawajui kwamba sikufika Lubumbashi, ndege ilikwama hapa hapa, uwanja wa Bangboka, nikarudi studio hii hii nikafunga mlango, na msichana wa simu wa posta akawa ananipigia kila baada ya dakika chache kunieleza anayosikia kutoka kule, nami natunga mechi nzima, kelele za mashabiki natoa kwenye kaseti, mtu mzima hovyo... njia ya mwongo ni fupi, husema watu, yangu imefika miaka thelathini na minane... Florentine anafuta jasho, paji pana, nimeliona wapi paji hili, tangu aje hapa namkwepa na sijui sababu... kule jua lilikuwa kali, mvua haikuwa yangu, ilikuwa ya yule msichana, Georgette, ndiye aliyeniambia kwenye simu, "Bon, sema mvua iko inanyesha, ukikosa majina ya bachezaji batu batakusamehe", na hilo sikumwambia mtu, hata mke wangu, siri ya watu wawili, na Georgette alizikwa mwezi wa pili, sikwenda, nilisema nina mechi, nikasikia tu ameacha binti mmoja... ah, paji la mama yake, basi anajua, atanivua nguo mbele ya mji mzima... lakini angetaka kuniumbua si angesema tu, maikrofoni anayo, mbona anangoja, mbona machozi yanamlengalenga... nimepewa mbuzi, nimepewa cheti chenye fremu, kila mwaka nimesimulia mechi ile na jina la Georgette sijalitaja hata mara moja, naye alikuwa anasikiliza, alikuwa jikoni kwake na redio yake anasikiliza, na mtoto anamtazama mama yake... naona aibu, naona aibu kweli, na si kwa ajili ya uwongo... haulizii mvua huyu, anamuulizia mama yake... taa nyekundu ya hewani bado inawaka, Emile ananionyesha kwa kidole, ongea, papa, Florentine bado ananitazama, nitaanza na Georgette, jina lake lote, halafu ndiyo niseme kwamba jua lilikuwa kali.